Kuurudishia mwili amani baada ya ajali: mazoezi ya uzingativu, hatua kwa hatua

Basi lilipinduka alfajiri, tukitokea Iringa. Nilitoka na mkono uliovunjika na nyuzi 12 kichwani, na kila aliyekuja kunipa pole alisema mshukuru Mungu, umepona. Nilimshukuru, na bado namshukuru. Lakini miezi mitatu baadaye, mfupa umeshaunga na kovu limefunikwa na nywele, breki za daladala zikilia kituoni miguu ilikuwa inaniisha nguvu, mate yanakauka, moyo unapiga kama wa mtu anayekimbizwa. Nilikuwa najiambia, "Tulia, ajali imekwisha." Mwili haukunisikia.

Nilikuja kuelewa kwa taabu kwamba mwili ulioshtuka hauamini maneno. Unaamini kile macho yanachokiona, nyayo zinachokikanyaga, mgongo unachokiegemea. Mazoezi ya uzingativu, yaani kuielekeza akili kwa upole kwenye kinachotokea sasa hivi, yanafaa kwa sababu yanaupa mwili ushahidi huo kidogo kidogo. Yakifanywa kwa mpangilio usiofaa, yanaweza kumrudisha mtu ndani ya basi lile lile. Ndiyo maana nakuomba usiruke hatua.

Mwili unaogopa nini tena?

Wahenga walisema mwenye kuumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ung'ongo ni uzi tu wa kushonea mikeka, hauna sumu, na mwenyewe anajua. Anashtuka hata hivyo, kwa sababu anayeshtuka si yule anayejua. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo yenye umbo la lozi, amigdala, ambayo kazi yake ni kupiga mbiu ya hatari. Hupiga kabla ile sehemu inayofikiri haijapata nafasi ya kuuliza. Adrenalini inamwagika kwenye damu, moyo unaongeza kasi, misuli inakaza, tumbo linasimamisha kazi yake. Wakati wa ajali hayo yote yalikuwa msaada. Shida ni kwamba mbiu imejifunza sauti ya breki, harufu ya dizeli, giza la alfajiri, na sasa inapigwa hata ukiwa jikoni kwako.

Kiswahili kina maneno ya hali hii tangu zamani: kiwewe, wahaka, kihoro. Majirani zetu wa Rwanda, baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, waliliita jeraha hilo ihahamuka, neno linalobeba maana ya mtu kukatika pumzi kwa hofu. Nalipenda neno hilo kwa sababu linakiweka kiwewe mahali kinapokaa, kifuani na kooni. Nitalirudia tukifika kwenye pumzi.

Kabla ya kuanza

Jiulize kwanza kama hatari imekwisha kweli. Mtu anayelala nyumba moja na anayempiga, mwili wake hausemi uongo ukiogopa, na hakuna zoezi la kuutuliza litakalofaa kabla ya kupata mahali salama. Kwa Tanzania, vituo vya polisi vina dawati la jinsia na watoto. Anzia huko, au kwa ndugu unayemwamini.

Kama uligonga kichwa kwenye ajali, na sasa maumivu ya kichwa yanazidi, unatapika, unaona mawili mawili au unapoteza fahamu, nenda hospitali leo. Hilo si la mwongozo huu.

Na kama tukio lina siku chache tu, usijitie hofu juu ya hofu. Kukosa usingizi, kushtuka ovyo na kuona picha za tukio ni kawaida katika majuma ya mwanzo, na watu wengi hutulia polepole. Usikubali kulazimishwa kusimulia. Najua desturi yetu: kila mgeni wa pole anataka kusikia ilikuwaje, dereva alikuwaje, nani alifariki pale pale. Nilisimulia mara ishirini kwa juma moja, kwa heshima ya wageni, na kila mara usiku wake sikulala. Wataalamu nao wameacha kumkalisha mtu mara moja tu baada ya janga ili "atoe yote". Una haki ya kusema, "Nitawahadithia siku nyingine, leo tuongee mengine."

Utahitaji kipimo kimoja. Sifuri ni utulivu wa mtu aliyekaa kivulini baada ya kula, kumi ni hofu ya siku ile. Kila unapofanya zoezi, jiulize uko kwenye namba ngapi. Ukipita sita, acha ulichokuwa unafanya na urudi hatua ya kwanza, hata kama umeshafika hatua ya nne.

Hatua ya kwanza: macho yawe wazi

Mafunzo mengi ya uzingativu yanaanza na kukaa, kufumba macho na kufuata pumzi. Kwa mtu mwenye kiwewe hapo ndipo pa hatari. Mimi nilianza hivyo, na rekodi niliyotumiwa kwenye simu. Dakika ya pili nilisikia harufu ya dizeli chumbani. Nilidhani nimeshindwa, kumbe nilikuwa nimeanzia mwisho. Gizani akili haina kingine cha kutazama isipokuwa ile picha.

Kwa hiyo kaa na mgongo ukiwa umeegemea ukuta, mahali unapouona mlango. Geuza kichwa polepole kutoka bega la kulia hadi la kushoto, kama mtu anayemtazamia mgeni barabarani. Acha shingo izunguke, macho peke yake hayatoshi. Macho yakitua kwenye kitu, kitaje kwa sauti ndogo: ndoo ya bluu, pazia, sufuria, kalenda. Kalenda ni nzuri mno, kwa sababu mwaka ulioandikwa pale si mwaka wa ajali, au kama ni ule ule, mwezi umebadilika. Kisha tafuta vitu vitatu vya rangi nyekundu. Halafu sikiliza: sauti ya karibu kabisa, sauti ya mbali kabisa.

Dakika mbili zinatosha. Usitafute furaha wala amani kubwa. Tafuta dalili ndogo ambazo mwili hutoa ukianza kulegea: mate kurudi kinywani, miayo, tumbo kunguruma, pumzi moja ndefu inayokuja yenyewe. Tumbo likinguruma, usione aibu. Mwili unaojitayarisha kukimbia husimamisha usagaji wa chakula, hivyo tumbo linaporudi kazini ni habari njema.

Fanya hivi mara nne au tano kwa siku, kwa juma zima, kabla ya kuongeza kingine. Fanya ukiwa umetulia pia. Anayengoja dhoruba ndipo ajifunze kuogelea amechelewa.

Hatua ya pili: kutia nanga

Nanga haizuii dhoruba. Inazuia chombo kisichukuliwe. Ndivyo zoezi hili lilivyo, na usilidharau kwa wepesi wake.

Kaa kwenye kiti au simama. Vua viatu. Kanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili, sukuma chini kana kwamba unataka kuiacha alama, hesabu hadi tano, legeza. Rudia. Sikia ubaridi wa saruji, au mikunjo ya mkeka, au vumbi. Kisha sikia pale makalio yanapokutana na kiti na mgongo unapokutana na ukuta. Kuna kitu kimekubeba, hujibebi mwenyewe. Bana vidole vya mkono wa kulia na vya kushoto pamoja, legeza. Nyoosha mikono juu, shusha. Sasa inua macho utazame tena chumba, utaje vitu vitatu.

Mazoezi ya namna hii yamo kwenye mafunzo ya Shirika la Afya Duniani yaliyojaribiwa kaskazini mwa Uganda, kwenye makazi ya wakimbizi ya Rhino, kwa akina mama waliokimbia vita Sudan Kusini. Walikutana katika makundi mara moja kwa juma, majuma matano, wakisikiliza mafundisho yaliyorekodiwa kwa lugha yao, na waliowaongoza hawakuwa madaktari bali watu wa kawaida waliofunzwa kwa muda mfupi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020: dhiki yao ilipungua kuliko ya wenzao ambao hawakupata mafunzo hayo. Nataja hili kwa sababu nimewasikia watu wakisema haya ni mambo ya wazungu wenye nafasi. Mama mwenye watoto wanne kwenye hema la turubai aliyafanya, na yakamfaa.

Kwa wengine nyayo hazifai, labda kwa sababu mguu ndio uliojeruhiwa. Tumia mikono basi. Loweka viganja kwenye maji baridi, au shika jiwe laini mfukoni, rozari, tasbihi, upindo wa kanga. Harufu nayo ina nguvu kuliko tunavyodhani: karafuu mbili kwenye leso, ganda la limau lililokunwa kwa ukucha. Mimi nilitembea na karafuu miezi minane. Harufu ya dizeli ilipokuja kwenye fikra tu, karafuu ilikuwa kwenye pua kweli kweli, na pua haikuhitaji kubishana.

Hatua ya tatu: pumzi, kama ni rafiki yako

Nimesema nitalirudia lile neno la Wanyarwanda. Kwa mtu ambaye kiwewe chake kimekaa kifuani, kumwambia "fuatilia pumzi yako" ni kumwambia aweke kidole kwenye kidonda. Aliyekabwa, aliyefukiwa, aliyekaribia kuzama, mara nyingi hawezi kuanzia hapa. Kama ukijaribu na namba ikapanda, acha kabisa hatua hii na ubaki na macho na nyayo. Hutakosa kitu cha lazima.

Kama pumzi inakubali, usivute pumzi kubwa kubwa. Huo ni ushauri unaotolewa kwa nia njema na unaodhuru: kupumua kwa nguvu na haraka kunapunguza kabonidioksaidi kwenye damu, kichwa kinakuwa chepesi, vidole vinafanya ganzi, na mwenye hofu anadhani sasa anakufa. Kazi iko kwenye kutoa. Moyo huongeza kasi kidogo unapovuta hewa na hupunguza mwendo unapoitoa, kupitia neva ya vagasi inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi kifuani na tumboni. Ukiirefusha ile ya kutoa, unaurefusha ule muda wa moyo kupunguza mwendo.

Vuta kwa pua ukihesabu hadi nne, kwa kiasi cha kawaida. Toa kwa mdomo ukihesabu hadi sita, midomo ikiwa imebanwa kidogo kama unapuliza chai ya moto. Mara tano, si zaidi. Macho wazi.

Njia nyingine, na kwangu ndiyo iliyonisaidia zaidi, ni sauti. Kuimba ni kutoa pumzi ndefu bila kuhesabu. Anayeimba kwaya, anayesoma kaswida, mama anayembembeleza mtoto, wote wanafanya zoezi hili. Nilikuwa nikivuma tu, midomo imefungwa, mkono kwenye kidari ili niusikie mtetemo. Mtetemo ule ni kitu cha kushika.

Hatua ya nne: kuusikiliza mwili kwa zamu

Usifike hapa kabla ya majuma matatu au manne ya zile za kwanza. Hakuna haraka.

Tafuta kwanza sehemu ya mwili ambayo haina habari: ncha ya sikio, goti, kidole kidogo cha mguu. Isiwe sehemu nzuri wala mbaya, iwe haina neno tu. Ielekezee akili kwa pumzi tatu. Hapo ndipo nyumbani. Sasa sogea taratibu kuelekea sehemu yenye shida, lakini usiingie katikati, simama ukingoni. Kama kifua kinabana, angalia pale kubana kunapoanzia, karibu na bega. Sema moyoni, "Kuna kubana hapa." Usiseme "mimi ni mwoga", wala "nimeharibika". Kuna kubana, basi, kama unavyosema kuna mawingu. Sekunde kumi, kisha rudi kwenye sikio. Pumzika. Nenda tena, rudi tena.

Safari tatu za namna hiyo kwa siku zinatosha. Unachokifundisha mwili ni kwamba unaweza kwenda na kurudi. Siku ile hapakuwa na kurudi, na ndilo jambo mwili umelishika.

Huenda ukatetemeka, au machozi yakaja bila sababu. Yaache yapite huku macho yakitazama chumba. Lakini kama unajiona uko mbali, kama unajitazama kwa juu, au mikono inaonekana si yako, hiyo ni ishara ya kusimama. Inuka, tembea, nawa uso kwa maji baridi, zungumza na mtu, kula kitu chenye ladha kali kama ndimu au tangawizi. Usirudie hatua hii peke yako. Iweke hadi upate mtaalamu wa kukaa nawe.

Kurudi barabarani

Nilikwepa magari kwa miezi miwili. Kila siku ya kukwepa ilinipa nafuu jioni na kuikuza hofu asubuhi, kwa kuwa mwili uliandika: hatukupanda, ndiyo maana tuko hai.

Andika ngazi zako kwenye daftari, kutoka nyepesi hadi nzito. Zangu zilikuwa hivi: kusimama hatua hamsini kutoka kituoni, kusimama kituoni bila kupanda, kukaa kwenye daladala iliyosimama ikingoja abiria (nilimweleza konda, akanielewa, akaniacha nikae bure), kupanda kituo kimoja mchana, vituo vitatu, kupanda jioni, mwisho kabisa, basi la mkoani. Kwenye kila ngazi fanya macho, kisha nanga, na ubaki hapo hadi namba ishuke angalau mara moja. Hilo la kubaki ndilo gumu na ndilo lenye faida. Ukikimbia hofu ikiwa kileleni, umeuhakikishia mwili kwamba kukimbia ndiko kulikouokoa. Usipande ngazi inayofuata mpaka ya sasa imefika namba tatu kwa siku kadhaa. Mimi kituo kimoja kilinichukua siku kumi na moja.

Kama waliokufa kwenye ajali yako walikuwa watu wako, au kama ngazi ya chini kabisa inakupeleka nane, usiifanye sehemu hii bila mtaalamu.

Usiku

Jinamizi halijui kalenda. Ukiamka unatoka jasho, usilale papo hapo ukipambana nalo. Keti, washa taa, nyayo chini, na useme kwa sauti: jina langu fulani, leo ni Alhamisi, niko Mbagala kwa dada, mlango umefungwa. Weka kando ya kitanda karatasi yenye maneno hayo, kwa sababu saa tisa usiku akili haiyakumbuki. Kunywa maji. Unayelala naye afundishwe mapema kukuita kwa jina kutoka mbali kidogo, asikushike bega ghafla wala kukutikisa.

Kuhusu vidonge vya usingizi: Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2013, lilishauri watu wasipewe dawa za jamii ya diazepamu kwa ajili ya mshtuko ndani ya mwezi wa kwanza baada ya tukio. Zinalaza, zinazoeleka, na hazikitibu kiwewe. Usijinunulie dukani. Kama daktari ameshakuandikia, usiziache ghafla pia. Rudi kwake mpunguze pamoja.

Wa kwenda kumwona

Ikipita mwezi mmoja na bado picha zinakujia, unakwepa mambo ya kawaida, unashtuka kila dakika, kazi au malezi yanakushinda, tafuta msaada. Kuna tiba za mazungumzo zilizotengenezwa kwa ajili ya kiwewe, na zinaponya. Uzingativu unakuandaa kwa ajili yake na unakushika njiani, hauchukui nafasi yake. Tanzania, uliza kitengo cha afya ya akili kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa wako, au Muhimbili, au Mirembe kule Dodoma. Kenya, Msalaba Mwekundu una simu ya bure ya msaada wa kisaikolojia, 1199. Fikra za kujiua haziwezi kungoja mwezi wala asubuhi: mwambie mtu aliye karibu nawe sasa hivi, muende hospitali pamoja.

Sheikh au mchungaji wako akikuombea, pokea kwa moyo wote. Ila akikwambia kwamba kwenda hospitali ni upungufu wa imani, mjibu kwa adabu kwamba mkono uliovunjika ulifungwa plasta na hakuna aliyekulaumu.

Siku hofu ikirudi

Itarudi, pengine baada ya miezi ya utulivu, kwa kitu kidogo kama tairi kupasuka barabarani. Ukiwa kwenye gari, kanyaga sakafu kwa nguvu, taja vitu vitatu vilivyo mbele yako, vuma kwa sauti ya chini. Namba ikikataa kushuka, mwambie konda, "Shusha kituo." Simama ukiegemea kitu kigumu, tazama huku na huku, kunywa maji, ngoja tumbo lingurume au mate yarudi. Kisha panda gari linalofuata, hata kama ni kwa kituo kimoja tu.